Sura ya Tisa: Mkono wa Kushoto Hauna Tano

Mama mwenzangu, siku binti yako akiweka mezani vitabu viwili vya wimbo mmoja, akawa anavitazama kwa zamu kama mtu aliyepotelewa, usimchagulie. Kaa chini, muulize. Mimi sikukaa. Nilikuwa nimechoka, na uchovu wa mama ni mshauri mbaya kuliko jirani mfitini.

Vitabu vyenyewe vilikuwa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, maana mimi ni mshonaji na nyumba yetu ina meza moja tu. Kimoja kilikuwa kipya, jalada gumu la buluu, karatasi nzito, bado kinanukia duka. Cha pili kikuukuu, pembe zimeliwa, mgongo umeshikwa kwa gundi ya karatasi. Ndani yake wimbo ni ule ule, sonata ya mtunzi mmoja wa kale aliyekufa kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa. Ijumaa inayokuja binti yangu alitakiwa aupige piano mbele ya walimu wa chuo cha muziki. Barua ya chuo ilisema kila mtu aje na toleo lake la kitabu. Akipita, atasoma miaka mitatu bila malipo. Akianguka, ndiyo basi, umri wa kujaribu tena umempita.

"Wimbo si ni ule ule?" nilimuuliza Jumamosi ile, sindano nimeibana mdomoni.

"Ni ule ule, mama."

"Nota zinazidiana?"

"Hata moja."

"Sasa unachagua nini?"

"Vidole," akasema, taratibu.

Neno hilo nyumbani kwetu halitajwi. Alipokuwa na miaka minne aliishika pasi ya moto niliyoiacha juu ya meza hiyo hiyo, mimi niko mlangoni nabishana na mteja kuhusu vifungo. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilipona, lakini kilipona kwa kujikunja, kama jani lililokauka. Tangu hapo nikisikia kidole, moyo wangu unajifungia mlango kwa ndani. Kwa hiyo badala ya kuuliza vidole vimefanya nini, nilisema lile lililokuwa karibu na ulimi.

"Chukua cha buluu. Kipya ni kipya."

Akanitazama kidogo. "Sawa, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeweka mzigo chini kwa sababu mikono imeshindwa, siyo kwa sababu amefika.

Cha buluu kilikuwa zawadi ya Daktari wa Meno. Daktari mwenyewe aliletwa kuposa na wifi yangu, shangazi yake binti, mwanamke ambaye akiingia nyumbani hata paka anahama kiti. Cha kikuukuu kilitoka kwa Fundi, kijana anayetengeneza piano, na hapo ndipo ugomvi wa familia ulipokaa.

"Wifi, fumbua macho," shangazi aliniambia, anakunywa chai yangu na kuilaumu sukari. "Mji huu una piano ngapi? Tatu! Ya kanisani, ya hotelini, na ile inayokohoa pale ukumbi wa shule. Sasa huyo kijana wako atakula nini? Nyuzi?"

"Si kijana wangu."

"Atakuwa mkwe wako ukiendelea kusinzia. Meno yanaoza kila siku, wifi. Piano ukiirekebisha leo, inarudi mwakani, tena kwa kubembelezwa."

Nilicheka, nisikudanganye. Lakini kilichonitisha hakikuwa njaa. Binti yangu alikuwa akifanyia mazoezi pale ukumbini, na siku moja nilipita kumpelekea koti, nikachungulia dirishani. Fundi alikuwa amesimama kando ya piano, penseli mkononi. Alimuuliza, "Hapa kinafika?" Binti yangu akaufungua mkono wake wa kushoto, mkono anaouficha hata kwangu, akauweka juu ya vitufe. Yule kijana hakuugusa. Aliutazama tu, kama mimi ninavyotazama kitambaa cha thamani kabla sijathubutu kukipitisha mkasi. Kisha akaandika kitu kitabuni. Binti yangu akainua macho, naye akainua yake.

Wangeshikana mikono nisingeogopa vile. Kushikana huisha. Nilirudi na koti langu begani.

Ijumaa iliyotangulia Jumamosi ile nilimfuata Fundi, nikamwambia asikanyage kwangu wala ukumbini mpaka mtihani upite, na ukipita pia asikanyage. Alisema, "Nimekusikia, mama. Nakupa neno langu." Basi. Hakubisha. Natamani angebisha.

Na Jumamosi, binti yangu alipoondoka na kitabu cha buluu, mimi nilikaa na kile kikuukuu. Kila ukurasa ulijaa namba ndogo za penseli juu na chini ya nota. Moja, tatu, mbili, moja, nne. Nilijua ni mwandiko wa nani. Nilichukua ufutio na brashi laini ya nguo, nikaanza ukurasa wa kwanza. Miaka thelathini nafuta chaki kwenye vitambaa vya watu. Naijua kazi hiyo. Nilijiambia chombo cha kuazima hurudi kwa mwenyewe kikiwa kisafi. Mpaka jua linageuka upande, hapakuwa na namba hata moja. Nilipuliza vumbi la penseli nje ya dirisha, nikajiona nimefanya usafi.

*

Jumatatu asubuhi nikakipeleka.

Karakana yake iko nyuma ya duka la mbao, chumba kimoja kirefu, piano mbili zilizoletwa kutoka miji mingine zimefunuliwa matumbo, nyundo ndogo za sufi zimepangwa juu ya gazeti kwa mstari. Miguu ilikuwa inaniuma. Yeye pia alionekana hajalala vizuri. Macho mekundu, ndevu za siku tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuletea kitabu chako."

Hakunyoosha mkono kukipokea. "Amemaliza nacho? Mtihani si Ijumaa?"

"Ana kingine. Kipya."

"Cha buluu?"

"Unakijua?"

"Nakijua. Ni toleo zuri sana." Alijifuta mikono kwenye tambara. "Profesa aliyeweka namba mle alikuwa bingwa. Ila alikuwa na mkono mpana kama mlango wa ghala."

Sikuelewa, na sikutaka kuuliza. Nikakiweka kitabu mezani kwake. Akakifungua. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine, kisha akarudi nyuma, kama mtu aliyeingia nyumba akadhani amekosea mlango. Kidole chake kilipita juu ya mistari mitupu, kinapapasa.

"Nani amekisafisha, mama?"

"Mimi. Chombo cha kuazima hurudi kisafi."

"Sikumwazima. Nilimpa." Alisema bila kuinua sauti. "Nadhani alikuambia ameazima ili usimwambie arudishe zawadi yangu."

Nikakosa pa kutazama. Nikatazama zile nyundo.

"Kazi umeifanya safi," akasema, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka hata kukasirika. "Hata kovu la penseli silioni. Ni mkono wa fundi huu."

"Nimezoea kufuta chaki."

"Chaki mnaifuta lini, mama?"

"Nguo ikishashonwa."

"Na kabla?"

Mtoto mdogo anayejifunza kushona analijua jibu lake: kabla haifutwi.

Akavuta kigoda, akanikalisha, yeye akabaki amesimama. "Nikuambie kitu cha kazi, fundi kwa fundi. Kwenye piano vidole vina namba. Gumba ni moja, cha mwisho ni tano. Hili toleo kuukuu lina nota za mtunzi peke yake. Mtunzi hakusema upige kwa kidole gani. Matoleo mengine, kama lile la buluu, kuna mtu amekuchagulia. Hilo si kosa. Ni kama nguo iliyokwisha kukatwa. Ikikuenea, umepona."

"Na isipokuenea?"

"Mama, wakati unafuta, hukuona kuna namba moja haipo?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimefuta moja nyingi, mbili nyingi.

"Mkono wa kushoto hauna tano," akasema. "Kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Niliizungushia njia. Siku ya kwanza alikuwa ameuficha mkono kwenye mfuko wa sketi. Nikamwambia piga tu. Akapiga, na kila penye tano alisita, kama mtu anayeruka shimo gizani. Hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Nilikuja hapa nikakifunga kidole changu cha mwisho kwa uzi. Wiki tatu. Nikaupiga wimbo mzima hivyo mpaka nikaona mahali pa kupita."

Aliniinulia mkono wake wa kushoto. Kwenye shina la kidole cha mwisho palikuwa na mstari mwembamba, mweusi, wa uzi uliokaza kupita kiasi.

Mama mwenzangu, mimi niliyemzaa, niliyekiunguza kidole kile kwa uzembe wangu, miaka kumi na tisa sikuwahi kukitazama sawasawa. Na mtoto wa watu amekifungia chake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Ningesema mama, binti yako ana kidole..." Akaacha. "Alinikataza. Alisema wewe ukisikia neno hilo unazeeka."

"Ziandike tena," nikasema. "Leo. Nitakusubiri hapa."

"Nilikupa neno langu. Na yeye amenitumia ujumbe jana, kwamba amechagua cha buluu." Alitoa simu mfukoni, akanisomea bila kunitazama. "'Mama amechoka. Sitaki kumchosha zaidi. Usiniandikie.' Sasa mimi nani, niandike?"

Akakifunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Kesho nasafiri na basi la kwanza. Kuna shule inataka piano zake zote zitengenezwe, kazi ya miezi mingi. Kitabu ni chake. Mwambie... Hapana. Usimwambie kitu."

*

Nilimkuta binti yangu mezani. Nyumbani hatuna piano. Huwa anapiga meza. Vidole vinatembea juu ya ubao, hakuna sauti ila ya kucha. Kitabu cha buluu kilikuwa wazi mbele yake, na mkono wa kushoto ameuzungushia kitambaa cha maji ya moto. Mkono wenyewe ulikuwa umevimba.

"Tangu lini?"

"Jana. Si kitu, mama. Utazoea."

"Mkono hauzoei nguo ya mtu mwingine." Nikaweka kile kikuukuu mbele yake.

Alikifungua. Sikuwahi kuona uso wa mtu ukizimika polepole namna ile. Hakupiga kelele. Alikaa tu, viganja juu ya ukurasa mtupu.

"Ni mimi," nikasema. "Jumamosi. Kwa ufutio."

"Mama." Akafumba macho. "Mama, mbona unanichosha hivi?"

"Najua."

"Mimi nimeacha kila kitu ili upumzike. Nimemwacha hata yeye. Na bado hupumziki."

Angenitukana ningeweza kujibu. Nikavuta kiti, nikachonga penseli yangu ya kuchorea mifumo ya nguo.

"Piga," nikasema. "Piga mezani, polepole, kama alivyokufundisha. Mimi nitaandika."

"Wewe hujui nota."

"Shule nimeishia la saba, kuhesabu mpaka tano najua. Niambie nota ipi, mimi naangalia kidole. Nilizifuta mimi, nitaziandika mimi."

Akaondoa kitambaa, akaukunjua mkono wake wote juu ya meza, mbele yangu. Kile kidole kililala pembeni, kidogo, kinang'aa kwa kovu. Niliona kina mkunjo mmoja kama wa mama yangu. Sikuwa najua.

Tulianza. Yeye anapiga, ananionyesha nota kwa kidevu, mimi naandika. Nne. Tatu. Moja. Palepale pa kutakiwa tano, mkono wake unateleza kidogo, gumba linapita chini kama mtu anayeinama kupita kwenye kamba ya nguo, na nne inachukua mzigo. Kila mara. Kila mara nikamwona yule kijana na uzi wake.

"Siku ile nilikuwa nimechelewesha nguo ya watu," nikasema, macho kwenye kitabu. "Niliiacha pasi..."

"Nilitaka kumnyooshea mwanasesere wangu gauni," akasema. "Naikumbuka. Alikuwa anaenda harusini, nguo imekunjamana."

"Mwanasesere gani huyo?"

"Yule mwenye jicho moja. Hata mchumba hakuwa naye, sijui harusi ya nani."

Tukacheka, halafu tukawa tunalia, halafu tukaendelea na ukurasa wa nne, maana kazi ilikuwa nyingi.

Mambo yalienda mpaka ukurasa wa mwisho. Hapo mkono wake ukasimama. Akarudia. Ukasimama tena. Akajaribu nne, haikufika. Akajaribu kwa nguvu kile cha tano, akauma mdomo.

"Hapa sikumbuki," akasema. "Hapa alipabadilisha wiki ya mwisho, nikapiga mara mbili tu, halafu nikaanza na cha buluu. Mkono umechanganyikiwa."

"Tafuta polepole."

"Nimechoka, mama. Na hapa ndipo wimbo unapoishia. Nikianguka hapa, yote niliyopiga kabla ni bure." Akaweka kichwa juu ya mkono. "Anapajua yeye peke yake."

Nikasimama. Nikatafuta viatu.

Mlangoni nikagongana na shangazi, kajipaka manukato mpaka macho yanawasha.

"Unaenda wapi saa hizi? Daktari anakuja saa kumi!"

"Mpe chai, wifi. Ni mtu mzuri, mpokee vizuri. Kisha mrudishie kitabu chake cha buluu, mwambie asante, meno ya nyumba hii hayaumi."

"Umechanganyikiwa?"

"Nilichanganyikiwa Jumamosi. Nipishe."

*

Fundi alikuwa anaviringisha vifaa vyake ndani ya turubai. Aliponiona akasimama, kamba mkononi.

"Mama? Kuna nini?"

"Ukurasa wa mwisho haujui."

Akashusha pumzi. Nikaona jinsi alivyotaka kuuliza anaendeleaje, amekula, mkono unaumaje, na jinsi alivyoyameza yote.

"Nilikupa neno langu," akasema.

"Nimekuja kukurudishia. Na hili sijalifuta, utalikuta kama ulivyonipa. Mimi siombi uoe, wala siombi uahirishe basi. Mtihani wa mtoto wangu uko mikononi mwako, na mtoto wangu mwenyewe, nadhani, yuko hapo hapo. Mimi niliwatenga kwa sababu nilichoka kuogopa. Basi."

"Yeye amekutuma?"

"Yeye hajui kutuma. Anajua kuvumilia tu. Kanirithi."

Akatoa penseli katikati ya vile vifaa, akaiweka nyuma ya sikio, na turubai akaliacha lilivyo, nusu limefungwa. Njiani alipunguza hatua zake zilingane na zangu. Sikumuuliza habari ya basi, naye hakuitaja.

Binti yangu alisikia nyayo mbili. Alipogeuka alijaribu kuuficha mkono chini ya meza, mazoea ya miaka mingi, kisha akautoa mwenyewe.

"Mkono umevimba," Fundi akasema.

"Kidogo."

"Ni profesa wa mlango wa ghala?"

"Ndiye," akasema, na tabasamu likamjia upande mmoja tu wa mdomo, upande mwingine bado unagoma. "Nilikuambia usiniandikie."

"Sijakuandikia. Naandikia kitabu."

Akakigeuza kitabu kimwelekee. Akapitisha macho kwenye ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaona tarakimu zangu kubwa za mtu wa darasa la saba, mbili zimepinda, nne kama viti vilivyopinduka. Hakurekebisha hata moja. Alipofika ukurasa wa mwisho akainama karibu naye.

"Hapa," akasema. "Hapa kinafika?"

Binti yangu akaufungua mkono, akauweka mezani, vidole vyote vitano. Safari hii Fundi aliugusa. Alikinyanyua kile kidole kidogo kwa ncha ya kidole chake chenye alama ya uzi, akakiweka pembeni mahali pake pa kupumzikia, na akaanza kumwonyesha njia.

Mimi nikawapa mgongo, nikaketi kwenye cherehani yangu. Nikaikanyaga, ikaanza kulia. Haikuwa na uzi wala kitambaa. Niliiendesha hivyo hivyo, tupu, ili wasidhani kwamba nasikiliza.